Betri haijafa, inaliwa: jibu kwa mwenye boti wa Kilindoni

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Kilindoni, Mafia. Nina boti ya faiba ya mita saba na nusu, mashine ya stroki mbili ya nguvu-farasi 40 yenye selfu. Msimu wa papa potwe nabeba wageni wanaokwenda kuwatazama. Nina betri ya gari ya N70, pampu ya kutoa maji, taa za njia, redio ya VHF, redio ya muziki na soketi mbili za kuchajia simu. Msimu huu niko kwenye betri ya pili. Asubuhi nikipiga selfu inalia "tik" tu, navuta kamba mbele ya wageni. Halafu fyuzi ya pampu ilikuwa inakatika kila siku. Kijana mmoja akaniwekea ya ampea 30 na ikatulia, ila juzi nimesikia harufu ya plastiki inayoungua. Je, ninunue betri kubwa zaidi? Na nifanyeje ili umeme huu unitulie?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Betri itasubiri. Naanza na hiyo harufu.

Leo hii, kabla mgeni hajapanda, itoe hiyo fyuzi ya 30. Ukishaitoa, pampu haitafanya kazi, kwa hiyo boti ilale kavu, au awepo mtu wa kuifua kwa upo (kata ya kutolea maji) mpaka umalize kazi. Kisha fuata waya wa pampu kwa kidole kuanzia kwenye betri hadi chini kwenye ngama, pale chini kabisa maji ya boti yanapokusanyika. Utakuta mahali ganda limelainika, limeng'aa au limegeuka rangi. Kipande hicho ni cha kukata na kutupa, hata kama bado kinapitisha umeme.

Fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Watu wengi hudhani inalinda pampu au redio, ndiyo maana ikikatika mara mbili tatu wanaona ni dhaifu, wanatafuta kubwa zaidi. Pampu ndogo kama yako hula ampea tatu au nne ikiwa inazunguka vizuri. Ikinasa uzi wa nyavu, magamba au mchanga, mota inakwama na kuvuta umeme mara kadhaa ya huo. Fyuzi ya mwanzo ilikuwa inakatika kwa sababu hiyo, yaani ilikuwa inakupa habari. Uliponyamazisha mtoa habari, umeme wote ule ukaendelea kupita kwenye waya mwembamba, na waya ukageuka pasi. Sasa weka hiyo pasi kwenye boti yenye madumu ya petroli.

Kwa hiyo fungua pampu. Nyingi huachia kikapu cha chini ukibonyeza vishikizo viwili vya pembeni. Toa uchafu, zungusha pangaboi kwa kidole uhakikishe liko huru, halafu rudisha fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye pampu yenyewe. Ikiwa safi na fyuzi ikakatika tena, mota imeingia maji ya chumvi na imekwisha. Nunua nyingine. Usiifungue mota kuikausha juani. Nimeona wengi wakijaribu, na zinadumu wiki.

Sasa betri. Swali lako ni kama ununue kubwa zaidi. Mimi nasema usinunue kitu chochote mpaka umepima, na kitu cha kwanza kununua ni mita ya umeme, ile multimita ya bei ya chini kabisa inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Bila mita, fundi na mwenye boti wote wawili wanapiga ramli.

Nikikaa na maelezo yako naona hesabu isiyolingana. Mashine ya stroki mbili ya ukubwa huo haichaji kama gari. Nyingi hutoa ampea chache, sita hadi kumi hivi, na hizo ni kwa mzunguko wa juu. Ikizunguka polepole karibu hakuna kitu. Na kazi ya papa potwe ikoje? Dakika 20 za mwendo kutoka pwani, halafu saa nne za kunyapianyapia, kuzima, kuwasha, kuzima tena wageni waingie majini, kisha dakika 20 za kurudi. Tuseme inachaji ampea 6 kwa dakika 40 zile: umeingiza ampea-saa 4 (ampea mara saa). Umetoa ngapi? Redio ya muziki ampea 3 kwa saa nne, hizo ni 12. Simu za wageni, ampea moja na nusu kwa saa nne, 6. Pampu nusu saa kwa jumla, 2. Selfu peke yake, ambayo kila mtu huilaumu, huvuta ampea 150 au zaidi lakini kwa sekunde tatu tu. Ukiwasha mara kumi na mbili haifiki hata ampea-saa 2. Jumla ni kama 22 zimetoka, 4 zimeingia. Kila siku unalala na deni la 18, na betri yako nzima ni 70. Siku ya pili umeshatumia nusu. Ya tatu asubuhi, tik.

Betri ya gari haikuundwa kwa maisha hayo. Sahani zake za risasi ni nyembamba ili itoe nguvu nyingi kwa ghafla, kisha ijazwe mara moja. Ukiishusha chini ya nusu na kuiacha hivyo usiku kucha, salfeti ya risasi inaganda kwenye sahani, inakuwa ngumu, na haiyeyuki tena kwa kuchaji. Ndiyo maana nasema betri yako haikufa kwa ubovu, inaliwa. Ukileta ya N100 italiwa vilevile, itachukua siku moja au mbili zaidi.

Hata hivyo hesabu yangu ni ya kukisia, na huenda kuna mlaji mwingine aliyejificha. Kwa hiyo pima hivi. Asubuhi, kabla hujagusa swichi yoyote, weka mita kwenye volti za DC (umeme wa aina ya betri), ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.7. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikisoma 12.0 imebaki robo. Chini ya 11.8 haina kitu. Kisha mwenzio apige selfu wewe ukiangalia mita. Ikishuka hadi 10 na kurudi, ni sawa. Ikianguka hadi 8 wakati ilikuwa imejaa, betri imechoka kweli. Na ikibaki juu ya 12 huku selfu inalia tik, betri haina kosa, umeme unakwama njiani. Mashine ikishawaka, iongeze mzunguko: sasa volti zipande hadi 13.8 au 14 na pointi kidogo. Zisipopanda, mashine haichaji kabisa, na hapo tatizo liko kwenye koili, kwenye kidude cha kugeuza umeme kuwa wa DC, au kwenye waya wake. Kidude hicho huuawa na kosa moja la kawaida sana: kuzima swichi kuu au kuchomoa betri wakati mashine inanguruma. Umeme unakosa pa kwenda, volti zinaruka, kinaungua. Waambie vijana wako.

Kumtafuta mlaji wa usiku, zima kila kitu. Chomoa waya wa hasi kwenye betri, hamisha mita kwenye tundu la ampea 10, iweke katikati ya kichwa cha betri na ule waya. Inatakiwa isome sifuri au karibu na sifuri. Redio ya muziki inaweza kula kidogo kuhifadhi saa yake. Ukiona 0.3, fanya hesabu: mara 24 ni ampea-saa 7 kila siku, boti ikiwa imelala. Hapo toa fyuzi moja moja huku ukitazama mita. Itakaposhuka, umemkamata. Mara nyingi ni soketi ya simu yenye kitaa cha buluu, au swichi ya boya ya pampu (ile inayoelea na kuiwasha pampu yenyewe maji yakipanda) iliyoingia chumvi. Onyo moja tu: mita ikiwa imekaa hivyo usipige selfu hata kwa bahati mbaya. Utaunguza mita.

Hapo kwenye "umeme unakwama njiani" nataka nikae kidogo, maana ndipo boti nyingi za mwambao wetu zinapougulia. Miaka yangu ya mwanzo ya ufundi niliitiwa boti iliyokuwa imebadilishiwa betri mara tatu kwa mwaka. Nilishinda nayo siku nzima. Kosa lilikuwa kwenye waya wa hasi, mahali ulipofungwa kwenye mashine: mtu alikuwa amepaka rangi mashine yote ipendeze, akapaka na pale chini ya bolti. Msasa, dakika tano, kwisha. Tangu siku hiyo naanza na hasi. Watu wote huhangaika na waya mwekundu, wakati umeme unahitaji njia ya kurudi sawasawa na ya kwenda.

Maji ya chumvi yana tabia moja mbaya. Yakigusa ncha ya waya wenye nyuzi nyingi, yanapanda ndani ya ganda kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Ukimenya waya wa namna hiyo unakuta shaba nyeusi au ya kijani, umbali wa shibiri nzima kutoka kwenye kiungo. Kusafisha ncha hakusaidii. Kata mpaka ukutane na shaba inayong'aa, hata kama ni sentimita 30.

Kwa waya wa boti unaofaa hasa, nyuzi zake kila moja zimepakwa bati, zinaonekana za rangi ya fedha badala ya nyekundu. Ni wa bei, na Mafia huenda ukaagiza kutoka Dar. Kama haupatikani, chukua waya wa gari wenye nyuzi nyingi laini na uzidishe unene hatua moja. Usichukue ule wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu. Kwenye ukuta unakaa miaka 40 kwa sababu ukuta hautikisiki. Boti inapopiga mawimbi unakatikia ndani kwa ndani, ganda likiwa zima, na utatafuta kosa hilo mpaka uchoke.

Unene una hesabu yake. Chukua redio yako ya VHF. Ukisikiliza inakula kidogo sana, lakini ukibonyeza kuongea kwa wati 25 inavuta karibu ampea 6. Tuseme iko mita 4 kutoka kwenye betri, yaani mita 8 kwenda na kurudi. Kwa waya wa moja, yaani unene wa milimita moja ya mraba, unapoteza volti 0.84 njiani. Kwa waya wa mbili na nusu, 0.34. Ongeza kiungo kimoja kibovu na unaweza kupoteza volti nyingine nzima. Redio itaendelea kupokea vizuri, utasikia kila mtu, utaamini ni nzima, na siku ukibonyeza kwenye chaneli 16 kuomba msaada inazima. Kanuni za boti za Marekani, za ABYC, zinataka upotevu usizidi asilimia 3 kwa vitu vya uhai kama taa za njia, na asilimia 10 kwa vingine. Kwa volti 12, asilimia 3 ni 0.36 tu. Kuijaribu ni rahisi: weka mita kwenye waya unaoingia redioni, bonyeza kuongea, linganisha na volti za betri wakati huohuo.

Viungo sasa. Kusokota waya mbili na kuviringisha tepu nyeusi, hapana. Tepu inaachia kwa joto, inaingiza maji, kisha inayafungia humo. Bana kwa koleo maalumu la kubania vichwa vya waya (hili la kawaida la kung'olea misumari linaponda, halibani), kisha vika mpira wa kusinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani inayotokeza kidogo pembeni ukiupasha. Kulehemu peke yake sikushauri, waya unakuwa mgumu pale lehemu inapoishia na mtikisiko unaukatia hapohapo. Punguza viungo kadiri unavyoweza, na vyote viwe juu ya ngama, pasipofikiwa na maji hata siku boti imelemewa. Funga waya kila sentimita 45 hivi usiningʼinie. Na kabla haujaingia kwenye kifaa chochote, uache ulegee ushuke kidogo kisha upande, ili tone la maji linalotembea juu yake lidondoke chini badala ya kuingia ndani.

Mpangilio ninaoupenda kwa boti ya ukubwa wa yako ni mdogo tu. Betri ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko na tundu la hewa, limefungwa kwa mkanda, lisitembee hata boti ikilala ubavu. Kutoka kwenye chanya, swichi kuu, na kutoka hapo njia mbili: nene ya mashine, na ya pili yenye fyuzi yake isiyo mbali na betri, sentimita 18 au chini ya hapo, inayokwenda kwenye kisanduku cha fyuzi za matumizi. Kila kifaa fyuzi yake. Pampu pekee hupita kando ya swichi kuu, moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa fyuzi yake, ili swichi ya boya iweze kuiwasha usiku wakati wewe umelala nyumbani na kila kitu kimezimwa. Hilo watu wengi hulikosea, wanazima swichi kuu kwa nia njema, mvua inanyesha usiku, asubuhi wanaikuta boti imekaa chini.

Ukitaka kufungua betri, waya wa hasi hutoka kwanza na kurudi mwisho. Mashine yako yote, chuma chote kile, kimeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa mashine, umeunganisha ncha mbili za betri kwa chuma, na spana inageuka nyekundu mkononi mwako. Pete ya ndoa nayo ivue.

Na petroli. Umesema boti ni ya wageni kwa hiyo nadhani madumu yako nyuma pamoja na betri, kama boti zetu zote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutanda kwenye ngama, mahali hasa ilipo pampu na swichi yake. Betri yenye maji nayo ikichajiwa hutoa hidrojeni, ambayo hupanda juu na kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Mmoja anashuka, mwingine anapanda, na cheche ya kiungo kilicholegea ni kiberiti cha wote wawili. Tenganisha: betri upande mmoja, madumu upande mwingine. Ukimaliza kujaza mafuta, funua mbao za chini, acha upepo upite, nusa ngama kwa pua yako kabla hujagusa swichi yoyote. Kibanio cha chaja usikitoe kwenye betri wakati chaja inawaka. Na ule mtindo wa kugusisha waya "nione kama una moto" uishie gereji.

Turudi kwenye deni lako la ampea-saa 18. Una njia mbili na zote ni nzuri. Ya rahisi ni kuipeleka betri nyumbani kila jioni na kuichaji kwa chaja ya umeme wa ukutani mpaka ijae. Ni mzigo mgongoni, lakini haugharimu boti mpya. Ya pili ni kutenganisha: betri ya gari ibaki na selfu na pampu tu, na muziki, simu na redio zihamie kwenye betri ya sola iliyo peke yake, ikilishwa na paneli ya wati 100 juu ya paa la turubai. Siku ya jua zuri paneli hiyo inarudisha ampea-saa 25 hivi, siku ya mawingu nusu yake au pungufu. Kwenye kidhibiti chaji, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, unganisha betri kwanza, paneli baadaye, na ukitoa, paneli kwanza. Kama mtu anakushawishi betri ya lithiamu, ni nyepesi na inavumilia kushushwa chini, lakini usiifunge pamoja na ya risasi, wala usiiunganishe na mashine yako bila vifaa vyake vya kati. Kwa upande wa paneli peke yake, ikiwa na kidhibiti kinachoikubali, sina kinyongo nayo.

Taa za njia zibadilishe ziwe za LED kama bado ni balbu, zinakula wati mbili pale balbu inapokula kumi au zaidi. Boti ya mashine iliyo chini ya mita 12 inaruhusiwa taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, pamoja na nyekundu ya kushoto na kijani ya kulia. Zipo LED za bei poa zinazoingiza mikwaruzo kwenye VHF: ukiwasha taa na redio ikaanza kukoroma, umeshaijua sababu.

Matunzo baada ya hapo si makubwa. Kila wiki futa vichwa vya betri, kaza, paka grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa (si chini yake), inua boya la pampu kwa mkono usikie kama inaitika. Unga mweupe kwenye vichwa unaoshwa kwa maji vuguvugu yenye magadi soda, usiingie ndani ya betri. Kama betri ina vifuniko, kila mwezi tazama maji yamefunika sahani, na ongeza yale safi ya chupa, kamwe si asidi na kamwe si ya kisima. Zinki ya kwenye mguu wa mashine, kile kipande kinachowekwa kiliwe badala ya mashine, ikiliwa nusu ibadilishe, na usiipake rangi. Ikianza kuliwa haraka kuliko zamani, kuna umeme unaovujia majini, rudi kwenye mita. Kusi kikiingia na boti ikapumzika, betri iende nyumbani ikiwa imejaa, na ichajiwe kila mwezi. Iliyoachwa tupu miezi mitatu hairudi.

Fanya vipimo vyote hivi, kisha niandikie namba nne: volti za asubuhi kabla ya kugusa kitu, volti wakati wa selfu, volti mashine ikiwa kwenye mzunguko wa juu, na ampea zinazovuja kila kitu kikiwa kimezimwa. Nikizipata nitakuambia kama betri uliyo nayo bado inafufuka au tuhesabu hasara.